Nimepiga makofi peke yangu ukumbini. Hivi hii sheria nani aliiweka?

#1 Binti Sanawari
Wakuu, habari za Jumapili. Aibu ya jana bado iko usoni, naomba mnisaidie kuishusha.

Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha. Mteja wangu mmoja alinipa tiketi mbili za jioni ya makumbusho (jumba silitaji, wasije wakanitambua). Ratiba ilikuwa hivi: kwanza tunatembezwa kwenye maonyesho ya nyayo na mafuvu ya watu wa kale, halafu mhadhara, halafu muziki wa kizungu wa violini. Wapigaji walikuwa wanne. Violini mbili, moja kubwa kidogo, na lile dude linalokaa katikati ya magoti. Maonyesho nimeyapenda. Mhadhara nimeelewa nusu.

Sasa muziki. Wakapiga dakika kadhaa, tamu kabisa, wakamaliza, pinde zikashuka. Nikapiga makofi, tena yale ya harusini. Kofi la nne au la tano ndiyo nagundua ukumbi mzima niko peke yangu. Mzee aliyekaa mbele yangu, skafu shingoni, akageuka pole pole akanitazama kama mtu ambaye simu yake imeita wimbo wa singeli makaburini. Mdogo wangu akanifinya paja, alama ninayo mpaka leo.

Kumbe walikuwa hawajamaliza. Wakageuza karatasi, wakaendelea.

Swali langu: kwa nini hawapigi makofi mpaka mwisho? Nani aliweka hiyo sheria, na kwa nini haikuandikwa kwenye tiketi?

#2 Kijenge Juu
Nimevuta kiti. Ngoja waje wajuvi.

#3 Dereva wa Tengeru
Dada pole, ila yangu ni kubwa kuliko yako. Niliwapeleka wageni kwenye shughuli kama hiyo, nikaambiwa niingie nisikae kwenye gari. Wale jamaa wakakaa, wakavuta nyuzi kidogo, mmoja anatoa sauti moja ndefu, wengine wanamfuata. Wakanyamaza. Mimi makofi. Kumbe walikuwa wanatyuni, yaani wanaziweka nyuzi sawa tu.

#4 Kijenge Juu
@Dereva wa Tengeru 😂😂😂 umepigia makofi spana.

#5 Uzi wa Nne
@Dereva usijilaumu, una wenzako wengi. Mwaka 1971, New York, kwenye tamasha la kuchangia wakimbizi wa Bangladesh, Ravi Shankar na wenzake walikuwa wanatyuni ala zao za Kihindi, uwanja ukalipuka kwa makofi. Akawashukuru, akawaambia kama mmefurahia kutyuni basi muziki wenyewe utawafurahisha zaidi.

#6 Mwalimu Mstaafu
Binti, jibu ni rahisi. Utungo mmoja wa aina hiyo una sehemu, mara nyingi nne kwa kwarteti (ya wapigaji wanne kama wako) au simfonia (ya okestra nzima) na tatu kwa konseto (mpigaji mmoja mbele ya okestra). Zote ni kitu kimoja. Ukipiga makofi baada ya sehemu ya kwanza ni kama kumshangilia mhubiri akiwa amemaliza utangulizi. Mtunzi amepanga ukimya ule wa katikati uwe sehemu ya kazi yake. Angalia karatasi ya programu, sehemu zimeorodheshwa, unahesabu tu.

#7 Binti Sanawari
Asante mwalimu, lakini hapo hujajibu *nani*. Halafu kuhesabu nne huku nasikiliza? Mimi kuhesabu nimeshahesabu vifungo wiki nzima.

#8 Mpemba wa Mbauda
Mnaiita violini, sisi tunaiita fidla, na ipo Unguja toka enzi. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu, ilianza 1905, na humo fidla zinalia watu wanalia. Sasa kwenye taarabu mtu akiguswa na ubeti anainuka palepale, anakwenda na noti yake mkononi anamtunza mwimbaji, wimbo unaendelea. Hakuna mtu anayengoja mpaka mwisho, kwani ukingoja hisia imeshapoa. Ala ni zilezile, kasoro ni watu.

#9 Uzi wa Nne
Napiga selo (lile dude la magotini, Binti, linaitwa selo), si kwa kazi, kwa mapenzi tu. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha mtunzi Richard Wagner. Mwaka 1882 huko Bayreuth, Ujerumani, alizindua opera yake (mchezo wa jukwaani wa kuimbwa) ya *Parsifal*, yenye mambo ya ibada ndani yake. Akaomba wasanii wasiitwe jukwaani katikati ya tendo na tendo, ili hali isiharibike. Watu wakaelewa vibaya, wakanyamaza mpaka mwisho kabisa. Wagner mwenyewe akabaki anashangaa, hawajapenda au vipi? Inasemekana siku nyingine alipiga kelele ya kushangilia yeye mwenyewe kwenye sehemu aliyoipenda, watu wakamzomea bila kujua ni mwenye kazi.

#10 Binti Sanawari
Kwa hiyo aliyeweka sheria ndiye wa kwanza kuumizwa nayo. Nimefarijika.

#11 Mwalimu Mstaafu
@Uzi wa Nne kisa kizuri ila kina tundu. *Parsifal* ni opera, ina matendo, haina "sehemu" kama kwarteti. Makofi ya katikati ya simfonia ni jambo lingine, na kulichukia kulianza kabla ya 1882. Mendelssohn, simfonia yake ya Uskoti ya 1842, alitaka ipigwe mfululizo bila kusimama. Schumann naye, konseto yake ya selo ya 1850, unaijua bila shaka, sehemu zimeunganishwa. Waliziba mlango ili mwenye makofi asipate pa kupita. Kwa hiyo Wagner hakuanzisha, alikuta safari iko njiani.

#12 Uzi wa Nne
Hiyo ya Schumann nakubali, nimeivuja jasho. Ila kuziba mlango maana yake wezi walikuwepo, yaani mpaka 1850 watu walikuwa bado wanapiga. Sheria haikuwepo, kulikuwa na malalamiko tu.

#13 Mwanahistoria Asiye na Cheti
Na ukirudi nyuma zaidi ndiyo utacheka. Mozart mwaka 1778 akiwa Paris alimwandikia baba yake kwa furaha kwamba kwenye sehemu ya kwanza ya simfonia yake aliweka kipande alichojua kitawapendeza, na kweli walipiga makofi *katikati ya muziki*, hata sehemu yenyewe haijaisha. Akakirudisha kipande kilekile mwishoni, wakapiga tena. Beethoven, simfonia ya 7, Vienna 1813: sehemu ya pili ilishangiliwa hadi ikabidi irudiwe. Kwa hiyo yule mzee wa skafu angekaa jirani na Mozart angemgeukia yeye pia.

#14 Ngaramtoni Original
Huku kwetu olaranyani anaanzisha, wengine tunamjibu, anayenyamaza ndiye mwenye kosa. Ukikaa kimya morani wanadhani unaumwa.

#15 Tarumbeta la Machame
Mnazunguka Bayreuth na Vienna, jibu liko hapa Kilimanjaro. Nisikilizeni.

Misheni ya Leipzig ilikuja Uchaggani 1893 ikaanzia Machame. Sasa Leipzig ni mji gani? Ni mji ambao Bach alifanya kazi ya muziki wa kanisa toka 1723 hadi alipofariki 1750. Mji huohuo Mendelssohn alikuwa kiongozi wa okestra ya Gewandhaus kuanzia 1835. Na katika ukumbi wao wa Gewandhaus kuna maneno ya Kilatini ya Seneca, mwanafalsafa wa Roma ya kale, maana yake furaha ya kweli ni jambo zito. Umeona? Furaha ni jambo ZITO. Watu wa mji huo ndio waliotuletea dini, nyimbo na matarumbeta.

Nikiwa mdogo kanisani kwetu alikuwepo mzee wa kanisa mwenye kazi moja tu, kutembea pembeni na kumtazama anayenong'ona. Hapigi, anatazama. Kwaya ikimaliza, hata iimbe vipi, kimya, unasikia kikohozi na migomba nje. Makofi yaliletwa baadaye na uamsho na vinanda vya umeme. Huyo mzee wa skafu ni mzee wa kanisa asiye na kanisa.

#16 Kijenge Juu
Mchagga amepata njia ya kuingiza Machame kwenye historia ya muziki wa dunia. Bado sehemu ya duka.

#17 Tarumbeta la Machame
Duka lipo. Unataka nini?

#18 Mwanahistoria Asiye na Cheti
@Tarumbeta nimekupenda, na nakuongezea kitu. Gewandhaus maana yake ni jumba la vitambaa. Ukumbi wa kwanza, wa 1781, ulikuwa ndani ya jengo la wafanyabiashara wa nguo, jina likabaki hata walipohamia majengo mengine. Kwa hiyo Binti Sanawari, kama fundi cherehani, una haki ya kukaa ukumbini kuliko mtu aliyevaa skafu tu bila kujua pindo lake limeshonwaje.

#19 Binti Sanawari
Pindo lenyewe lilikuwa linafumuka. Sikusema, lakini nililiona.

#20 Jirani wa Mnara wa Saa
Niwaondoe kidogo kwenye muziki. Mleta uzi kasema nyayo na mafuvu. Kuna mtu alikuwa nyuma yangu kwenye maonyesho kama hayo anawaeleza watoto kwamba nyayo ni za Zinjanthropus (Zinj kwa kifupi, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu). Jamani. Fuvu la Zinj lilipatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey ndiye aliyeliona, lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Nyayo za Laetoli ni 1978, umri zaidi ya miaka milioni 3.6. Kati ya hao wawili kuna umbali mkubwa kuliko kati ya Zinj na wewe unayesoma hapa kwenye simu.

#21 Dereva wa Tengeru
Nyayo zenyewe ziko hapa mjini?

#22 Jirani wa Mnara wa Saa
Hapana, unachokiona kwenye maonyesho ni nakala ya plasta. Zenyewe ziko palepale Laetoli, zilifukiwa upya miaka ya 90 ili mvua na mizizi visizile. Huwezi kung'oa jivu la volkano lililoganda lenye urefu wa mita zaidi ya ishirini ukalipakia kwenye fuso. Fuvu la Zinj nalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar.

#23 Mwanahistoria Asiye na Cheti
Na walivyoanza kuziona! 1976, nyayo za wanyama kwanza. Wanasayansi walikuwa wanarushiana mavi makavu ya tembo kwa utani, Andrew Hill akainama kukwepa, akajikuta anatazama alama chini. Za binadamu wa kale zikafuata miaka miwili baadaye. Wangekuwa watu wa furaha-ni-jambo-zito tungekuwa hatuna kitu.

#24 Dereva wa Tengeru
Hii ya mavi ya tembo nikiwaambia wageni wataniongezea bakshishi.

#25 Ngaramtoni Original
Na kama shughuli ilikuwa pale Boma, mjue hata neno lenyewe ni la Waingereza, ni herufi za mwanzo za ofisi yao ya utawala.

#26 Mwalimu Mstaafu
Hapana, hapana, hapana. Nimelifuta hilo ubaoni miaka thelathini na bado linaota. Stanley alikuwa anaandika "boma" kwenye safari zake za miaka ya 1870. Wajerumani walijenga Boma la Arusha, likakamilika 1900, kwa kuwatumikisha Waarusha na Wameru. Waingereza wameingia Arusha 1916. Herufi za mwanzo za ofisi ambayo haijazaliwa?

#27 Binti Sanawari
Mimi sijasema ni Boma. Rudini kwenye makofi.

#28 Mtoto wa Unga Limited
Nyie wote mnatafuta tarehe, mimi nasema ni majivuno. Kanuni isiyoandikwa inawekwa ili mgeni ajulikane. Kama ile ya uma upi unaanza kulia kwenye hoteli. Yule mzee hakugeuka kwa sababu muziki umeharibika, muziki ulikuwa umesimama! Amegeuka ili watu wamwone anajua. Na ndiyo maana sisi wa Unga Limited hatuendi, si kiingilio. Kiingilio tunalipa mpirani.

#29 Uzi wa Nne
@Mtoto wa Unga Limited nusu nakubali. Nusu nyingine nikueleze kutoka kitini kwangu. Ukimaliza sehemu ya haraka na inayofuata ni ya taratibu, vidole vinatetemeka, unahitaji sekunde kumi za kimya kushusha pumzi na kuisikia sauti ya kwanza kichwani kabla hujaigusa. Makofi yakiingia inabidi uanze upya. Sio majivuno, ni kama sindano ya uzi mwembamba, Binti atanielewa. Ila pia kuna sehemu ambazo zinaomba makofi kabisa. Sehemu ya tatu ya simfonia ya 6 ya Tchaikovsky inaisha kwa kishindo, kila mahali duniani kuna watu wanadanganyika, na inayofuata ni kilio.

#30 Mwanahistoria Asiye na Cheti
Kuna aliyetaka kwenda mbali zaidi. Leopold Stokowski, kiongozi wa okestra ya Philadelphia, mwaka 1929 alitaka makofi yafutwe kabisa, hata mwisho. Aliwauliza wasikilizaji kwa kura, wakachagua kubaki na makofi yao.

#31 Fundi Redio Kaloleni
Mmesahau santuri. Mtu akizoea kusikiliza nyumbani, sehemu ya kwanza inaisha, kimya, ya pili inaanza, hakuna kofi. Miaka ishirini hivyo, siku akienda ukumbini makofi yanamkera kama mtu anayekwaruza santuri. Wagner hakuwa na redio. Mimi naweka lawama kwa redio, na nazitengeneza.

#32 Mwalimu Mstaafu
Hoja ya santuri nzuri. Lakini Stokowski wa #30 alikuwa 1929, santuri za wakati huo upande mmoja haukufika dakika tano, ilibidi ugeuze katikati ya sehemu. Ukimya ulikuwa na kelele nyingi humo.

#33 Fundi Redio Kaloleni
Basi aligeuza bila kupiga makofi.

#34 Uzi wa Nne
Binti, tangu juzi nataka kukuuliza. Walipiga utungo gani? Karatasi unayo?

#35 Binti Sanawari
Ninayo, nimeifanya kielelezo cha kukatia kola. Ngoja. Imeandikwa Haydn, Op. 33 Na. 2. Chini yake mistari minne ya Kitaliano.

#36 Uzi wa Nne
😂😂😂😂 Mungu wangu.

#37 Binti Sanawari
Nini?

#38 Uzi wa Nne
Huo utungo unaitwa "Mzaha". Haydn aliutunga 1781. Mwishoni kabisa mwa sehemu ya nne ameweka mtego kwa ajili ya watu wa makofi. Wimbo unaenda mbio, unasimama ghafla, unakuja mlio wa polepole wa huzuni, halafu ule wimbo wa mwanzo unarudi vipande vipande: kipande, kimya, kipande, kimya, kipande, kimya. Unadhani umeisha. Haujaisha. Halafu kimya kirefu kuliko vyote, kisha wanagusa tu maneno ya mwanzo ya wimbo, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesema "hapo zamani za kale..." akaondoka. Huo ndio mwisho. Niambie, mwishoni ilikuwaje?

#39 Binti Sanawari
Ngoja nikae vizuri.

Mimi baada ya kile nilichofanyiwa nilikalia mikono. Hata wangeanguka na viti nisingepiga. Kufika mwisho kweli wakasimama, kimya. Na YULE MZEE akapiga makofi! Mawili, kwa nguvu, kichwa juu, kama anatuongoza. Wale wakaendelea kupiga. Akashusha mikono akajifanya anatengeneza skafu. Mimi nikadhani wamekosea wapigaji.

#40 Kijenge Juu
Naomba mods waugandishe uzi huu juu kabisa.

#41 Mtoto wa Unga Limited
Skafu imekula Mzaha.

#42 Tarumbeta la Machame
Mzee wa kanisa kasinzia ibadani. Na mwisho wenyewe ulipofika, nani alipiga?

#43 Binti Sanawari
Hakuna! Walishusha pinde, wakatuangalia, sisi tunawaangalia. Watu wote wanaogopa. Mwenye violini ya kwanza ndiye akacheka, ndipo mdogo wangu (aliyenifinya, kumbukeni) akaanza, wengine wakafuata.

#44 Mwalimu Mstaafu
Nimekubali kwa sehemu. Mtunzi akitega mtego wa makofi mwaka 1781, maana yake wasikilizaji wake walikuwa na mazoea ya kuwahi. Lakini hilo halithibitishi kwamba walipiga kati ya sehemu na sehemu.

#45 Mwanahistoria Asiye na Cheti
Mwalimu hashindwi, anakubali kwa sehemu. Nne.

#46 Mpemba wa Mbauda
Mwandishi wa fidla mcheshi namna hiyo angetunzwa vizuri sana Ng'ambo ya Unguja.

#47 Dereva wa Tengeru
Tuseme ukweli mwingine. Wanaanza saa kumi na mbili jioni, mhadhara unavuta, mnatoka saa tatu na nusu. Anayeishi Usa River anarudi na nini? Hao wenye skafu wana magari. Mimi nimeingia kwa sababu mimi ndiye gari.

#48 Jirani wa Mnara wa Saa
Hili nalo ni neno. Mihadhara ingekuwa Jumamosi saa nne asubuhi, akina mama wakitoka sokoni wangepita.

#49 Binti Sanawari
Yule mteja kanipigia leo, kuna nyingine mwezi ujao, safari hii kwaya na kinanda. Namchukua mama. Sasa nina hofu mpya, maana mama yangu hajui makofi, yeye ni vigelegele. Vigelegele sheria yake ikoje?

#50 Uzi wa Nne
Nimepekua barua za watunzi wote ninazozijua. Hakuna aliyekataza.

#51 Tarumbeta la Machame
Mkalishe nyuma ya skafu.